Unafuu wa UVIKO-19 kwa Wakulima wa Kilimanjaro: Fedha Zilipita Njia Gani?

Swali moja limekuwa likirudi katika vijiji vya miteremko ya Mlima Kilimanjaro, kuanzia Kibosho na Uru hadi Marangu na Mwika: ikiwa Taifa lilipata fedha nyingi za kukabiliana na athari za UVIKO-19, mbona mkulima wa kahawa na migomba hakuitwa kupokea fungu lake? Swali hilo ni halali, na jibu lake linahitaji zaidi ya ndiyo au hapana. Wakulima wa mkoa huu hawakulipwa fedha taslimu kwa sababu tu ya kuwa wakulima. Unafuu uliwafikia kwa njia nyingine, baadhi zisizoonekana kwa urahisi. Njia iliyogusa shamba moja kwa moja, yaani ruzuku ya mbolea, ilimfikia yule tu ambaye jina lake na ekari zake zilikuwa zimeandikwa sawasawa katika daftari la wakulima la kijiji.

Ugonjwa wenyewe uliingia nchini kwa mlango wa Kilimanjaro. Mgonjwa wa kwanza kuthibitika, Mtanzania aliyekuwa akitoka Ubelgiji, alishuka katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro tarehe 15 Machi 2020, na taarifa yake ilitolewa kwa umma siku iliyofuata na aliyekuwa Waziri wa Afya wakati huo, Mheshimiwa Ummy Mwalimu. Mwezi uliofuata ndege za abiria za kimataifa zilisitishwa, na hazikuruhusiwa tena hadi katikati ya Mei. Tarehe 16 Mei Kenya nayo ilifunga mpaka wake na Tanzania kwa watu wote, isipokuwa magari ya mizigo ambayo madereva wake walikuwa wamepimwa. Kwa mfanyabiashara wa ndizi au mahindi aliyezoea kuvuka Holili kwenda Taveta na kurudi siku hiyohiyo, hilo lilimaanisha mzigo kubaki Himo.

Hata hivyo, pigo kubwa kwa kaya za mlimani halikuanzia shambani. Uchumi wa kihamba una miguu miwili. Mmoja uko kwenye udongo: kahawa chini ya migomba, maharage, mboga, ng'ombe wawili au watatu wa zizini. Mwingine uko nje ya shamba, katika kipato cha kijana anayebeba mizigo ya wageni kupitia lango la Marangu, Machame au Umbwe, mpishi wa safari za mlimani, dereva, na mtoto aliye Dar es Salaam anayetuma chochote mwisho wa mwezi. Idadi ya watalii wa kimataifa walioingia nchini ilishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takribani 620,000 mwaka 2020. Mgumu, kama wapagazi wa mlima wanavyoitwa, akikosa safari, kinachokatika ni fedha ya kununulia mbolea, dawa ya kutu ya majani na chanjo ya mifugo katika kihamba cha wazazi wake. Ndiyo maana athari za janga lile zilionekana mashambani hata pale ambapo soko la kahawa lenyewe lilikuwa halijafungwa.

Nchi mbalimbali zilichagua njia tofauti za kuwafikia wakulima. Marekani, kwa mfano, ilitangaza mwezi Aprili 2020 mpango wa dola bilioni 19 kwa ajili ya sekta ya kilimo, ambapo dola bilioni 16 kati ya hizo zilitengwa kulipwa moja kwa moja kwa wakulima na wafugaji waliopata hasara. Njia hiyo iliwezekana kwa sababu mashamba ya huko yalikuwa tayari yamesajiliwa katika ofisi za kilimo za wilaya, kila moja likiwa na namba, ukubwa, mazao na akaunti ya benki ya mwenye shamba. Serikali ilipoamua kulipa, orodha ilikuwepo. Tanzania ya mwaka 2020 haikuwa na daftari la kitaifa la wakulima lenye taarifa za namna hiyo. Vyama vya ushirika vilikuwa na orodha za wanachama wao, na maafisa ugani walikuwa na takwimu zao, lakini orodha hizo hazikuwa zimeunganishwa. Ukosefu huo wa daftari ndio ufunguo wa kuelewa mengi yaliyofuata.

Mwezi Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa takribani dola milioni 567 kwa Tanzania. Tarehe 10 Oktoba 2021, jijini Dodoma, Rais Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa matumizi ya fedha hizo, Mpango wa Maendeleo kwa Ustawi wa Taifa na Mapambano dhidi ya UVIKO-19, wenye thamani ya shilingi trilioni 1.3 kwa Tanzania Bara na Zanzibar. Fedha hizo zilielekezwa zaidi katika afya, elimu, maji, utalii, kaya maskini na makundi maalumu. Kilimo hakikuwa na fungu lake la malipo kwa wakulima, na hapo ndipo swali la mkulima wa Kibosho lilipozaliwa.

Kilichoonekana zaidi kwa macho ni madarasa. Nchi nzima ilijengewa vyumba vya madarasa 15,000, ambapo 12,000 vilikuwa vya shule za sekondari na 3,000 vya shule shikizi, ili wanafunzi wa kidato cha kwanza wa mwaka 2022 waanze masomo kwa pamoja bila ya kusubiri chaguo la pili. Ujenzi ulisimamiwa na halmashauri na kamati za shule kwa kutumia mafundi wa maeneo husika. Kwa hiyo sehemu ya fedha hizo ilibaki vijijini kama ujira wa fundi mwashi na malipo ya mchanga, kokoto na mbao. Mzazi ambaye awali angechangishwa kwa ajili ya darasa alibaki na fedha yake. Huo nao ni unafuu, ingawa ni vigumu kumtaka mkulima auhesabu hivyo anapokuwa mbele ya duka la pembejeo.

Kwa kaya zenye hali duni zaidi, njia ilikuwa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF. Awamu ya Tatu, Kipindi cha Pili cha Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini kilizinduliwa Februari 2020, wiki chache tu kabla ya ugonjwa kuingia nchini, kikilenga kuzifikia kaya zipatazo milioni 1.45 katika halmashauri zote. Mpango huo haukubuniwa kwa ajili ya janga. Hata hivyo, janga lilipokuja, ulikuwa miongoni mwa mifumo michache iliyokuwa na orodha ya majina, utaratibu wa malipo na wasimamizi hadi ngazi ya kijiji. Walengwa walitambuliwa katika mkutano wa kijiji au mtaa, si ofisini. Kaya iliyopokea ilitakiwa kuhakikisha watoto wanahudhuria kliniki na shule, na yenye watu wenye uwezo wa kufanya kazi iliweza kupata ajira za muda katika miradi ya jamii kama vile barabara za ndani, vyanzo vya maji na upandaji miti.

Katika miteremko ya Kilimanjaro utambuzi huo una ugumu wake. Mkoa una sifa ya nyumba za matofali, shule nyingi na watoto waliofanikiwa mjini, na umaskini wa hapa hujificha nyuma ya uzio wa masale. Bibi wa miaka sabini na mitano anaweza kuwa na nyumba nzuri iliyojengwa na mwanawe, kihamba cha urithi na mibuni mia mbili, lakini hana wa kumsaidia kuchuma wala fedha ya kununua chumvi kwa sababu mwana huyo ndiye aliyepoteza kazi hotelini mwaka 2020. Mkutano wa kijiji ukimtazama kwa nyumba yake, ataachwa. Ukimtazama kwa kipato chake cha mwezi, ataandikwa. Maelekezo ya mpango yalitaka jamii izingatie hali halisi ya kaya, na hilo ni jukumu ambalo wananchi wenyewe ndio wenye taarifa za kulitekeleza.

Njia iliyowagusa wakulima wengi zaidi ilikuja baadaye, mwaka 2022. Bei ya mbolea duniani ilianza kupanda mwaka 2021, wakati viwanda na bandari zilipokuwa bado hazijarudi katika hali ya kawaida, gharama za meli zikiwa juu na baadhi ya nchi wazalishaji, ikiwemo China, zikizuia mbolea kuuzwa nje. Vita vya Ukraine vilivyoanza Februari 2022 viliongeza moto juu ya moto, kwani Urusi na jirani yake Belarusi ni wauzaji wakubwa wa mbolea, na gesi asilia inayotumika kutengeneza Urea nayo ilipanda. Tanzania huagiza sehemu kubwa ya mbolea yake kutoka nje. Hivyo mkulima ambaye kipato chake kilikuwa kimeshuka kutokana na UVIKO-19 alikutana na mfuko wa kilo 50 wa DAP unaouzwa zaidi ya shilingi 130,000.

Tarehe 8 Agosti 2022, katika kilele cha maonesho ya Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia alizindua mpango wa ruzuku ya mbolea kwa msimu wa 2022/2023, ukiwa umetengewa shilingi bilioni 150. Bei ya mfuko wa kilo 50 wa DAP ilishushwa hadi shilingi 70,000, na Urea vilevile shilingi 70,000. CAN, ambayo wakulima wa kahawa na mboga huifahamu vizuri, ilipangiwa shilingi 60,000, na SA shilingi 50,000.

Inafaa kuziweka namba hizo shambani. Kaya nyingi za mlimani huwa na mashamba mawili: kihamba kilichozunguka nyumba, na shamba la mahindi huko chini tambarare, mwendo wa saa moja au zaidi kwa gari. Kwa ekari moja ya mahindi, mfuko mmoja wa DAP wakati wa kupanda na mmoja wa Urea wakati wa kukuzia ni kiasi ambacho wakulima wengi hukilenga. Kwa wastani wa bei ya soko ya wakati ule, mifuko hiyo miwili ingegharimu takribani shilingi 255,000. Kwa bei ya ruzuku ya msimu huo ilikuwa shilingi 140,000. Tofauti ilikuwa zaidi ya shilingi 110,000 kwa ekari moja kwa msimu mmoja, fedha ambayo Serikali iliilipa kwa niaba ya mkulima bila ya yeye kuishika mkononi. Kwa mkulima wa mpunga katika skimu ya Lower Moshi, maeneo ya Chekereni na Mabogini, ambako Urea ni nyenzo ya lazima, hesabu inakuwa kubwa zaidi kadiri majaruba yanavyoongezeka.

Ni fedha hii isiyoshikwa mkononi inayoleta mkanganyiko. Malipo hayamwendei mkulima. Humwendea mwagizaji au msambazaji wa mbolea, na hulipwa baada ya kuthibitika kuwa mfuko umeuzwa kwa mkulima aliyesajiliwa, kwa bei iliyopangwa. Uthibitisho huo ndio kiini cha mfumo wote. Mkulima huandikishwa katika ofisi ya kijiji au mtaa, taarifa zake zikiwemo jina, kitambulisho, namba ya simu, mahali shamba lilipo, ukubwa wake na mazao anayolima. Taarifa hizo huingizwa katika mfumo wa kidijitali unaosimamiwa na Wizara ya Kilimo kupitia Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, TFRA, kisha mkulima hupewa namba yake ya usajili. Anapofika kwa wakala, namba hiyo huingizwa katika mfumo, na mfuko wenye lebo maalumu husomwa kwa simu ya wakala kabla ya kukabidhiwa. Bila namba hakuna bei ya ruzuku, hata kama mnunuzi anajulikana na kijiji kizima kuwa ni mkulima tangu ujana wake.

Wapo wanaoona utaratibu huu kuwa ni usumbufu. Sababu zake zinapatikana katika historia ya hivi karibuni. Kuanzia mwaka 2008 Serikali ilitekeleza mfumo wa vocha za pembejeo, uliolenga zaidi mahindi na mpunga na kuhusisha mikoa mingi, ikiwemo ya ukanda wa kaskazini. Mkulima alipewa karatasi ya vocha, akaongeza fedha yake na kuchukua mbolea au mbegu. Vocha hizo ziliongeza mavuno mahali pengi. Lakini karatasi ni karatasi. Zilikuwepo zilizonunuliwa kutoka kwa wakulima kwa bei ya kutupa, zilizosainiwa kwa majina ya watu wasiolima, na mbegu zilizoandikwa kuwa zimechukuliwa huku gunia likiwa halijafika kijijini. Mfumo wa namba na lebo ulibuniwa ili kuziba mianya ya aina hiyo. Hauzuii kila udanganyifu, lakini huacha alama inayoweza kufuatiliwa: mfuko gani, wakala gani, mkulima gani, siku gani.

Katika msimu wa kwanza walisajiliwa wakulima zaidi ya milioni tatu nchini. Kwa mara ya kwanza, Taifa likawa na orodha ambayo mwaka 2020 halikuwa nayo.

Daftari hilo lilipoanza kutumika Kilimanjaro lilikutana na mambo ya hapahapa. La kwanza ni umiliki. Kihamba ni ardhi ya ukoo, na mara nyingi mwenye jina ni baba aliyefariki, kaka mkubwa aishiye Arusha, au mtoto wa mwisho wa kiume ambaye kwa mila ndiye mrithi wa nyumba ya wazazi. Anayepalilia, anayebeba samadi na anayekwenda mnadani ni mama au mke aliyebaki nyumbani. Usajili wa ruzuku unamlenga mkulima, yaani yule anayelima. Hautoi hati wala hauondoi haki ya mtu katika ardhi ya ukoo, na hofu ya kwamba kumwandika mke au mkwe ni kumpa kihamba haina msingi. Pale ambapo hofu hiyo iliachwa itawale, kaya iliandikwa kwa jina la mtu asiyekuwepo, ujumbe wa namba ya usajili ukaenda kwenye simu iliyoko Dar es Salaam, na aliyebaki na jembe akanunua mbolea kwa bei ya soko au hakununua kabisa.

La pili ni yale mashamba mawili. Kiasi cha mbolea ambacho mkulima anaweza kununua kwa bei ya ruzuku huendana na ekari alizoandikisha. Mkulima wa Old Moshi aliyetaja kihamba chake cha nusu ekari na kusahau ekari mbili za mahindi za tambarare, pengine kwa kudhani kuwa haziko katika kijiji chake, alijikuta akiwa na haki ya mbolea ya nusu ekari. Wengine walipunguza ekari kwa makusudi wakihofia kodi. Ni vema ieleweke kuwa taarifa za daftari hilo zimekusanywa kwa ajili ya kupanga na kugawa pembejeo, na anayepunguza ekari zake anajipunguzia mwenyewe.

La tatu ni ukubwa wa mfuko na umbali wa duka. Mfuko wa kilo 50 ulibuniwa kwa mashamba ya Rukwa na Songwe zaidi kuliko kwa kihamba. Kikongwe mwenye mibuni mia mbili hahitaji kilo 50 za CAN kwa mara moja, na shilingi 60,000 ya msimu wa 2022/2023, hata ikiwa imepunguzwa, ilikuwa fedha nyingi kutoa kwa siku moja. Kumpandishia mfuko huo kwa bodaboda kutoka Moshi mjini au Himo hadi kijiji cha juu nako kunakula sehemu ya unafuu wenyewe. Hapa ndipo vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, vinapokuwa na nafasi ambayo maduka ya mjini hayana. Serikali imekuwa ikivihimiza vyama hivyo kuwa mawakala wa mbolea ya ruzuku, na Kilimanjaro ina mtandao wa vyama vya kahawa wenye historia ndefu kuliko mikoa mingi. Chama cha wakulima wenyeji wa kahawa kilianzishwa hapa mwaka 1925, kikafuatiwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha KNCU mwaka 1933. Maghala yapo katika kata nyingi, mizani ipo, na karani anawafahamu wanachama kwa majina na kwa ubini. Chama kilichojisajili kuwa wakala huleta mbolea palepale ambapo kahawa hupimwa.

Lipo kundi moja ambalo mpango huu haukuligusa, nalo linastahili kutajwa. Wapo wakulima wanaozalisha kahawa ya kilimo hai, wakiwemo wanachama wa vikundi vilivyo chini ya KNCU, ambao masharti ya vyeti vyao hayawaruhusu kutumia mbolea za viwandani katika mibuni yao. Wao hutegemea samadi, mboji na majani ya migomba. Punguzo la bei ya CAN au NPK haliwaongezei chochote kwa upande wa kahawa, ingawa huenda wakanufaika katika mahindi ya tambarare. Unafuu wao umekuwa zaidi katika miche bora. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, yenye makao yake Lyamungo wilayani Hai, imezalisha aina za kahawa zinazovumilia kutu ya majani na chulebuni, magonjwa mawili yanayomlazimu mkulima wa mibuni ya zamani kununua dawa kila msimu. Mche usiohitaji dawa ni ruzuku ya kudumu, japo huchukua takribani miaka mitatu kuanza kulipa.

Jambo jingine ni wakati. Ruzuku huwa na thamani ikifika kabla ya mvua. Mikoa ya Nyanda za Juu Kusini hupanda mahindi kuanzia Novemba, na ratiba ya kitaifa ya mbolea hufuata zaidi msimu huo kwa kuwa ndiko inakotumika kwa wingi. Kilimanjaro hutegemea zaidi masika, yanayoanza mwezi Machi. Kwa maana hiyo mkulima wa hapa anao muda mrefu zaidi wa kujiandaa, lakini pia yumo katika hatari ya kusahau: matangazo ya usajili huanza kutolewa miezi mingi kabla yeye hajafikiria kupanda, na anapokwenda dukani mwezi Machi ndipo anapogundua kuwa namba yake ya simu imebadilika au ekari zake hazikuingizwa.

Mpango wa ruzuku haukuishia msimu huo. Uliendelea katika misimu iliyofuata, na msimu wa 2024/2025 mbegu za mahindi nazo ziliingizwa katika ruzuku kwa kutumia daftari hilohilo. Hali hiyo inalipa daftari uzito mpya. Lilipoanza lilikuwa la mbolea tu, lakini limekuwa njia ambayo Serikali huitumia kumpata mkulima inapokuwa na jambo la kumpa. Endapo litatokea janga jingine, iwe ugonjwa, ukame au kuporomoka kwa bei, uamuzi wa kusaidia mashamba utaanzia kwenye majina yaliyomo humo. Mwaka 2020 orodha haikuwepo kwa mtu yeyote. Sasa ipo, na kutokuwemo kumekuwa hasara ya mtu binafsi.

Mkulima ambaye hajawahi kusajiliwa anapaswa kufika katika ofisi ya kijiji au mtaa lilipo shamba lake akiwa na kitambulisho na namba ya simu inayotumika. Aliyekwisha kusajiliwa hahitaji kuanza upya, bali anatakiwa kuhuisha taarifa zake kila msimu: ekari, mazao na namba ya simu. Asiye na simu amweleze mtendaji wa kijiji mapema ili aelekezwe namna ya kupata namba yake ya usajili, kuliko kuandikisha simu ya jirani au ya wakala wa mbolea, jambo ambalo huacha haki yake mikononi mwa mwingine. Familia yenye kihamba cha marehemu imwandikishe anayelima kwa sasa. Mwenye shamba la pili tambarare ahakikishe nalo limeandikwa.

Wakala akiuza juu ya bei iliyopangwa, akidai mfumo hausomi ilhali mifuko inaendelea kutoka dukani, au akitaka kununua namba ya mkulima, taarifa itolewe kwa afisa kilimo wa kata, ofisi ya halmashauri au TFRA, ikieleza jina la duka, tarehe na aina ya mbolea. Lebo ya mfuko itunzwe, kwa kuwa ndiyo inayowezesha mfuko huo kufuatiliwa hadi kwa aliyeuingiza nchini. Kwa wakulima wa Wilaya za Moshi, Hai, Siha na Rombo wanaotegemea masika, muda wa kufanya marekebisho hayo ni kabla ya mwezi Februari kuisha.